Mbuzi ya nazi na lugha isiyo na hodi

Nilikuwa na miaka saba, tunaishi Ngamiani, Tanga, mama akanituma nyumba ya tatu nikaazime mbuzi ya kukunia nazi. Ya kwetu ilikuwa imeisha meno, na wali ulikuwa unangoja tui. Nikatoka mbio, nikaingia moja kwa moja ukumbini kwa jirani, nikamkuta bibi mwenye nyumba amekaa mkekani na ungo wake, anachambua mchele. Nikasema: "Mama anataka mbuzi."

Hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa chuya moja moja na kuwatupia kuku mlangoni. Nikarudia, safari hii kwa sauti. Akasema, kana kwamba anaongea na ungo, "Kuna sauti humu ndani, mwenyewe simwoni."

Nikaelewa. Nikarudi mpaka barazani, nikaanza upya. Hodi. Karibu. Shikamoo. Marahaba, hujambo. Sijambo. Mama hajambo? Hajambo, anakusalimu (uongo, mama hakunipa salamu yoyote, alinipa haraka tu). Baba hajambo? Hajambo. Mmeamkaje huko? Tumeamka salama. Ndipo akasema, "Enhe mwanangu, una lipi?" Nilipofika nyumbani na mbuzi kwapani, mama alinipokea kwa kofi la kuchelewa. Siku ile niliadhibiwa mara mbili, kwanza kwa kukosa adabu, halafu kwa kuitumia.

Miaka thelathini ilipita kabla sijakutana na lugha ambayo ingeniunga mkono. Inaitwa Kiklingoni, na ukimfikia mtu anayekizungumza, neno la kwanza linaloweza kumtoka ni *nuqneH*, yaani "unataka nini?" Hakuna hujambo wala habari za asubuhi. Ukilifungua neno lenyewe unapata *nuq DaneH*: *nuq* ni nini, *neH* ni taka, na *Da-* ni kiambishi kimoja kinachobeba mtenda "wewe" na kitendwa chake kwa mpigo. Kwenye salamu hata hicho kiambishi kimemezwa. Haraka ya Waklingoni inakula mpaka sarufi.

Kwa asiyefuatilia mambo haya: Waklingoni ni watu wa kutungwa, wapiganaji wa anga za mbali katika Star Trek, tamthilia na filamu za Kimarekani za safari za angani, wenye matuta kwenye paji la uso. Maneno yao ya mwanzo yalisikika katika filamu ya mwaka 1979, yakiwa ni sauti chache zilizobuniwa na James Doohan, mwigizaji aliyecheza kama Scotty. Kwa filamu ya tatu, iliyotoka 1984, wenye kazi wakataka lugha yenye sarufi, wakampa kazi Marc Okrand. Huyu ni mwanaisimu wa Marekani ambaye tasnifu yake ya mwaka 1977 ilikuwa sarufi ya Kimutsun, lugha ya wenyeji wa California ambayo mzungumzaji wake fasaha wa mwisho alikuwa ameshafariki. Napenda kumfikiria mtu huyu: alitoka kwenye lugha iliyopoteza watu wake akaingia kwenye lugha ambayo watu wake hawakuwahi kuwepo. Kamusi ikatoka 1985, ikaongezwa 1992, na mwaka huohuo wa 1992 ikaanzishwa taasisi ya wapenzi wa lugha hiyo, Klingon Language Institute. Hao ndio wanaokutana kila mwaka kwenye *qep'a'*, "mkutano mkubwa", na kuongea.

Mimi nilianza 2018, Kiklingoni kilipofunguliwa Duolingo, programu ya kujifunzia lugha kwenye simu. Kiswahili chetu kilikuwa kimeshaingia humo kwa wanaozungumza Kiingereza, kwa hiyo nilijua ni mahali ambapo lugha yenye watu wake na lugha ya kutungwa hupangwa foleni moja. Nilitarajia kucheka wiki mbili niache. Kilichonishika ni kwamba sauti zilikuwa rahisi kuliko nilivyotishwa. *gh* tunayo kwenye ghali na lugha. *H* ni ile ya mzee wa Pwani akisema kheri. *ng* yao ni *ng'* ya ng'ombe, ila wao wanaweza kuimalizia neno. Tabu iko kwenye *q* na *Q*, ambazo ni konsonanti mbili tofauti. Herufi kubwa na ndogo hazikuwekwa kwa urembo, Okrand aliziandika hivyo kuwasaidia waigizaji wajue pa kukaza. Ukichanganya, *qaH* ni "bwana mkubwa" na *QaH* ni "saidia". Fikiria unavyoweza kuharibikiwa mbele ya kamanda.

Sarufi nayo ilinikaribisha kama shangazi. *qalegh* ni neno moja: *qa-* ni "mimi kwako", *legh* ni ona. Nakuona. Mwingereza anahitaji maneno matatu na somo zima kuelewa kwa nini mtenda na mtendwa wamejificha ndani ya kitenzi. Mswahili anapita tu.

Lakini adabu. Nilianza kuitafuta adabu kwenye lugha ile kama mtu anayetafuta swichi gizani, anajua lazima iwepo ukutani mahali fulani. Hakuna lugha inayotumiwa na watu wenye vyeo, mama wakwe na madeni ambayo haina namna ya kuonyesha kwamba mimi najua wewe ni nani. Sikukubali kwamba *nuqneH* ndiyo mwisho wa habari.

Na nilipokaa nikaisikiliza vizuri, *nuqneH* yenyewe nikaitambua. Pita kijiwe chochote Dar es Salaam. Kijana anampigia mwenzake simu, anaanza: "Sema!" Au "Niambie." Au "Unasemaje?" Hiyo si salamu ya kuulizia afya ya mtu, ni amri ya kutoa hoja, na hakuna anayekasirika. Ukienda ofisini kwa mkubwa ukamaliza kuinama na kusalimu, yeye anajibu kwa neno gani? "Enhe." Kama ana kazi nyingi, anainua nyusi tu. Mzee ukimwamkia shikamoo anakurudishia marahaba, akitaka anaongeza, asipotaka ameishia hapo, na huna pa kushtaki.

Kwetu ufupi ni cheo. Tunao, tena mwingi, ila tumeugawa kwa mgawo usio sawa. Mkubwa ana haki ya kuwa Mklingoni, na vijana wa rika moja wana haki ya kuwa Waklingoni wao kwa wao. Mdogo mbele ya mkubwa, mwombaji mbele ya mwenye kitu, mgeni mbele ya mwenyeji, hao ndio wanaobeba mzigo wa maneno. Yule bibi hakunirudisha barazani kwa sababu maneno yangu yalikuwa machache. Yeye mwenyewe alikuwa na machache kuliko mimi. Alinirudisha kwa sababu nilitumia uchache usiokuwa wangu.

Kiklingoni kimegeuza mzani. Ufupi ni wa wote, jenerali na mpishi. Heshima ndiyo inayoongezwa, na inaongezwa na mdogo, kwa kipande kidogo kinachoitwa *-neS*. Kinakaa karibu kabisa na mkia wa kitenzi, nafasi ya nane kati ya aina tisa za viambishi tamati, na katika aina hizo, kinachoweza kufuata baada yake ni kile cha nafasi ya tisa tu. *qalegh*, nakuona. *qaleghneS*, ni heshima kwangu kukuona. Kinaelekezwa kwa aliyekuzidi ngazi, ya kijeshi, ya kijamii au ya kiserikali. Halafu kamusi inaongeza jambo lililonifanya niweke kitabu chini: kipande hiki hakilazimishwi kamwe, na wenyewe hawakitumii mara kwa mara.

Heshima isiyolazimishwa! Jaribu kumweleza hivyo mwalimu wa zamu. Shikamoo ya mtoto kwa mtu mzima haina hiari, na asiyeitoa anaulizwa amelelewa na nani, swali ambalo halimlengi yeye bali mama yake. Lakini kwa kuwa ni ya lazima, shikamoo haisemi chochote kuhusu kile ninachokifikiria moyoni. Nimewaamkia watu ambao nisingewaazima hata kiberiti. Mklingoni akikuwekea *-neS*, angeweza kutokuiweka. Sisemi mfumo wao ni bora. Mahali ambapo heshima ni hiari, wazee wengi wangepita njiani bila kuamkiwa na mtu, na mtaa wa namna hiyo siutaki. Nasema tu kwamba nilipoiona *-neS* nilijiuliza ni shikamoo zangu ngapi zingebaki kama zingekuwa za hiari. Nilihesabu. Sitawaambia ni ngapi.

Utamu wenyewe, kwangu mimi mtu wa ngeli, uko kwenye umiliki. Kiklingoni kinawatenga viumbe wenye uwezo wa kusema na vitu vingine vyote. Rafiki ni *jup*, na rafiki yangu ni *jupwI'*. Kisu ni *taj*, na kisu changu ni *tajwIj*. Umeona: anayesema anapata *-wI'*, asiyesema anapata *-wIj*. "Yako" ni vivyo hivyo, *-lI'* kwa wenye ulimi na *-lIj* kwa vilivyobaki. Hata wingi umegawanywa: *-pu'* kwa wanaosema, *-Du'* kwa viungo vya mwili, *-mey* kwa vinginevyo.

Sasa, kuna bwana wako, mkuu wako, *joH*. Ukimwita *joHwI'*, "bwana wangu", mambo ni shwari. Ukiteleza ukasema *joHwIj*, kisarufi hujakosea. Kamusi inasema wazi kwamba sentensi ni sahihi. Ila umemweka bwana wako kundi moja na visu na viti, na kamusi inaonya kwamba neno hilo linakaribia kuwa mwiko. Tofauti yote ni konsonanti moja ya mwisho, na hakuna tusi lolote ndani yake.

Mzungumzaji wa Kiingereza inabidi aelezwe hapa kwa nini hilo ni tusi. Sisi tunakaa ndani ya nyumba hiyohiyo. "Kiziwi amefika" ni taarifa. "Kiziwi kimefika" ni ukatili, na sauti iliyobadilika ni ile ya mwanzo wa kitenzi tu. Jina limekaa KI-VI tangu zamani, lakini upatanisho tunaupandisha A-WA kwa sababu tunamhesabu mtu, na mtu akiamua kuushusha, kila aliyepo anasikia kilichofanyika. Mtu tunamfanya jitu, mzee tunamfanya kizee, na msichana wa watu anakuwa kisichana huku tunakunja mdomo. Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kwamba hiyo ni "ukubwa na udogo wa nomino". Ukubwa na udogo! Ni silaha, mwalimu, na ulijua, maana uliitumia kwetu: "Litoto hili limekaa tu!"

Kuna na cheche nyingine humo. Watoto ni *puqpu'*, kwa *-pu'* ya wenye kusema. Ukisema *puqmey*, kwa *-mey* ya vitu, hujatukana, ila umeongeza picha: watoto waliotapakaa kila mahali, huku na huku, ndani na nje. Mama mwenye nyumba ya vyumba viwili na likizo ya mwezi mzima anaijua picha hiyo. Sisi tungesema matoto. Mtu aliyeketi miaka ya themanini akaamua kwamba lugha ya wapiganaji itakuwa na kiambishi cha watoto kutapakaa, huyo hakuwa anatunga makelele ya filamu.

Matusi yenyewe yana heshima yake. Waklingoni wana vita vya kutupiana matusi, *mu'qaD veS*, na vina ustadi kama malumbano ya washairi wetu. Tusi lao linalojulikana kuliko yote ni *Hab SoSlI' Quch!* Paji la uso la mama yako ni laini! Kumbuka yale matuta. Mama kutokuwa na matuta ni kutokuwa Mklingoni wa kweli. Na angalia sarufi ya mtukanaji: kasema *SoSlI'*, kwa *-lI'* ya wenye kusema. Anamtukana mama yako kwa usahihi wa ngeli. Hajamshusha kuwa kitu, kamlaumu akiwa mtu. Nimekaa na watani wa kutosha, Wazaramo na Wanyamwezi, na watu wa Simba na Yanga asubuhi ya Jumatatu, nikajua kwamba utani nao una mpaka wa namna hiyo. Mtani anaweza kukuambia jeneza lako litakuwa fupi, msibani, mbele ya wafiwa, na watu wakacheka. Lakini hakuiti kitu.

Wana hata neno la kejeli tupu. *wejpuH* maana yake ni "inapendeza", na kamusi inaeleza kwamba hutumika kwa kubeua tu. Huwezi kumsifia mtu kwa *wejpuH* kwa nia njema hata ukitaka. Kwetu kazi hiyo hufanywa na "hongera zake", inayosemwa na mwanamke wa Pwani huku akigeuza uso pembeni na kuvuta *ra* kidogo.

Nikaja kwenye ndiyo na hapana, na hapa ndipo nilipojitia matatani.

Kiklingoni kina ndiyo mbili na hapana mbili. Ukiulizwa jambo la kweli au si kweli, unajibu *HIja'* au *HISlaH* kwa ndiyo, na *ghobe'* kwa hapana. Ukiombwa au ukiamriwa jambo, ndiyo yako ni *luq*, sawa nitafanya, na hapana yako ni *Qo'*, sifanyi. *Qo'* hiyo inaweza pia kubandikwa kwenye kitenzi. *jIjatlhbe'* ni sisemi, basi tu, inaweza kuwa nimelala. *jIjatlhQo'* ni nakataa kusema. Kukanusha ni jambo moja na kugoma ni jingine, na lugha haikuruhusu ujifiche katikati.

Nikalipenda hilo kupita kiasi. Wakati huo nilikuwa kwenye kundi la Wasapu la harusi ya binamu, mnalijua, lile ambalo mtu anaingizwa bila kuulizwa na kesho yake anaona jina lake kwenye orodha ya ahadi. Mwezi ule nilikuwa na ada za watoto wawili na gari lililokuwa limelala kwa fundi wiki ya tatu. Katibu wa kamati akaandika, akinitaja kwa jina, "Kaka tunasubiri ahadi yako." Jibu la kawaida nalijua tangu utotoni. Badala yake, nikiwa nimetoka kusoma *Qo'*, nikaandika: "Hapana. Safari hii sitachanga."

Kundi lilinyamaza. Watu themanini na kitu, na kwa saa nzima hakuna aliyetuma hata picha ya maua. Jioni mjomba akapiga simu. Alinisalimu. Akauliza watoto. Akauliza mvua. Akauliza kama lile gari limepona. Dakika nne nzima, nilikuwa naangalia. Kisha akasema, "Nimeona ulichoandika."

Nikajitetea. Nikamwambia sina hela, mjomba, nimesema ukweli.

"Hakuna aliyekuomba uongo. Ungesema 'ngoja niangalie'."

"Lakini ningekuwa nadanganya. Sikuwa na nia ya kuangalia chochote."

"Unamdanganya nani? Katika watu wote mle, nani asiyejua 'ngoja niangalie' ni nini?"

Sikuwa na la kujibu, na nimeendelea kukosa la kujibu mpaka leo. Alikuwa sahihi. *Qo'* tunayo. Inaitwa ngoja niangalie, inaitwa nitakujulisha, inaitwa tutaona Mungu akipenda, hiyo ya mwisho ikitamkwa na watu ambao wacha Mungu wenyewe wanawalalamikia kwa kumtwisha Mwenyezi Mungu hapana zao. Kila aliyekulia kwenye lugha hii anaisikia *Qo'* hiyo saa ileile inapotamkwa. Katibu angesoma "ngoja niangalie", angenifuta kimyakimya kwenye hesabu, na tungekutana harusini tukala pilau. Nilichokivunja mimi si ukweli. Nilimvunjia katibu nafasi ya kujifanya hakukataliwa mbele ya watu themanini. Baadaye nilichanga, kidogo, kwa aibu. Kiklingoni kimenigharimu elfu hamsini.

Ila kuna upande ambao mjomba hakuugusa. "Ngoja niangalie" inafanya kazi kwa aliyezaliwa ndani. Nina rafiki wa kutoka Bujumbura, Kiswahili chake kizuri tu, lakini si hiki chetu cha kona kona. Aliwahi kuambiwa na mwenye nyumba "nitakujulisha" akangoja wiki tatu huku vitu vyake viko kwenye maboksi. *Qo'* ingemuuma dakika moja.

Mengine nayapitia haraka. Watu hupenda kusema Kiklingoni hakina asante. Si kweli. *tlho'* imo kwenye kamusi, kama nomino ya shukrani na kama kitenzi, na *qatlho'* ni nakushukuru, na wanaokutana kwenye mikutano yao huambiana hivyo bila aibu. Kisichokuwepo ni tafadhali. Ukitaka msaada unasema *HIQaH*, nisaidie, na imetosha. Ukiichunguza "nisaidie" yetu, nayo haina tafadhali ndani yake. Ile *e* ya mwisho na sauti ya mdomo ndiyo inayoamua kama ni ombi, na tafadhali kwa Kiswahili cha kila siku mara nyingi ni ya mtu aliyeanza kukasirika. "Tafadhali bwana!" Hapo ujue yanakuja.

Pole hawana, na hapa nawahurumia. Cha karibu nilichokipata ni *Do'Ha'*, yaani imekuwa bahati mbaya. Hiyo ni taarifa kuhusu bahati, haimgusi mtu bega. Pole yetu unampa mgonjwa, mfiwa, aliyetoka safari, aliyejikwaa mbali na wewe kabisa wala hukumsukuma. Nimejaribu mara nyingi kuitafsiri, nikaishia kwenye sentensi ndefu ambayo hakuna Mklingoni angekuwa na subira ya kuisikiliza.

Na sisi tuna kiti chetu cha zamani kwenye chombo cha anga cha Star Trek. Luteni Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols tangu 1966, jina lake limetokana na uhuru wetu, na katika vipindi vya miaka ile alisikika akisema Kiswahili. Katika filamu ya sita, ya 1991, chombo kinakaribia mpaka wa Waklingoni na mlinzi wa zamu, amechoka, anauliza nani hao. Kazi ya kujibu inamwangukia Uhura. Wenzake wanafunua vitabu kwa pupa, yeye anaunga maneno moja moja, viambishi vimekaa ovyo, mlinzi anasikiliza kile Kiklingoni kibovu, anawaacha wapite. Mimi niliyewahi kusimama kwenye dirisha la uhamiaji la ugenini nikitafuta neno, nilicheka nikiwa nimejishika kifua.

Kitu kimoja kimenishinda: hodi. Karibu ya mlangoni naipata kirahisi, *yI'el*, ingia, *'el* ikiwa ni kuingia na *yI-* ikiwa ya kuamuru. Lakini hodi si kuomba kuingia tu. Mtu anapiga hodi kwenye ua usio na mlango, kwenye turubai la msibani, kwenye simu siku hizi, hata kwenye kundi la Wasapu. Nilijaribu *jI'el'a'*, je naingia? Ni swali la mtu asiyejua afanye nini. Nilijaribu kunyamaza na kubisha tu, nikaona hiyo ndiyo tafsiri bora, kwa sababu ukibisha kwa Mklingoni yeye mwenyewe atamalizia kutoka ndani: *nuqneH!*

Desemba iliyopita nilikwenda Tanga. Yule bibi yupo, barazani palepale, macho yamepungua nguvu ila mikono bado inajua chuya kwa kugusa. Nikasimama nje kabisa ya kizingiti, mwanamume mwenye mvi, nikaanza kwa ukamilifu wangu wote. Hodi. Shikamoo bibi. Umeamkaje, miguu inaendeleaje, wajukuu hawajambo...

"Marahaba," akanikata. "Sema. Chai yangu iko jikoni."

Nikamwambia sina shida, nimekuja kusalimu tu.

Akafikiri kidogo. "Basi umeshasalimu," akasema, akanisogezea ungo, akanyanyuka kwenda kuangalia chai.